Ugonjwa wa Kuazima

Daktari Venkatesan aliisoma insha ya Retha akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kipande cha mkate wa siagi, na alipofika mwisho akairudisha mezani na kupangusa makombo yaliyoidondokea.

"Bibi yako alifariki lini?" akauliza.

"Hajafariki, daktari."

"Humu anakata roho. Umemshika mkono, machozi yanakutoka, unaapa kuwatumikia wanyonge maisha yako yote."

"Ndivyo wanavyopenda chuoni. Nimeuliza waliopita."

"Najua wanavyopenda. Kule Madras niliwahi kusaidia kusoma maombi ya vijana waliotaka udaktari. Mwaka ule mabibi wa mji mzima waliteketea. Tulikaribia kutangaza kipindupindu."

Retha Sizemore hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu akiwa binti alikuwa muuguzi wa zahanati hiyo ya bonde la Gilly, milimani Kentucky, Marekani. Sasa alitaka kuwa muuguzi mtabibu, yaani yule aliyeongezewa masomo mpaka akaruhusiwa kumpima mtu, kuutaja ugonjwa na kuandika dawa kwa mkono wake mwenyewe. Chuo cha Lexington kilikuwa tayari kumfundisha kwa kompyuta, ila kila mwanafunzi alipaswa kumleta daktari wake, atakayekubali kumweka kando yake na kumfundisha kupima wagonjwa. Bila saini ya daktari hapakuwa na nafasi. Na bonde zima lilikuwa na daktari mmoja, huyo aliyekuwa akimalizia mkate wake.

"Nipe sababu moja ninayoweza kuiamini, nitatia saini leo leo," alisema daktari. "Hii hapa, hata bibi yako akiisoma atauliza huyu mwema ni nani."

Watu wa Gilly walimwita Daktari Venka, kwa kuwa jina zima liliwachosha. Alikuja kutoka India akiwa kijana, akasema atakaa miaka michache, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Retha alimheshimu sana, na ndiyo maana jambo lile lilimkera usiku na mchana: sababu ya kweli alikuwa nayo, tena moja tu, lakini huyo ndiye mtu ambaye yeye hakuweza kumwambia.

Bibi Arminta alikuwa barazani akimenya viazi wakati mjukuu wake aliposhuka kwenye pikapu na kumweleza yaliyotokea.

"Si umwambie nimekufa," bibi alisema. "Sioni ubaya. Kufa nitakufa tu, hutakuwa umesema uongo. Umewahi kidogo."

"Hataki bibi aliyekufa. Anataka sababu."

"Kwa hiyo hata nikifa sifai. Niletee ile sufuria."

Retha alileta sufuria, akapiga magoti, akabonyeza kifundo cha mguu wa bibi kwa kidole gumba. Kilipoondoka kiliacha shimo, na shimo halikuwa na haraka ya kujaa. Akatoa stetoskopu akamsikiliza mgongoni. Chini ya mapafu yote mawili kulikuwa na sauti ya maji.

"Vidonge umemeza?"

"Nimemeza. Mwambie Zella aongeze ugonjwa kidogo."

Hapo ndipo penyewe. Mume wa Arminta, Lonzo, alichimba makaa ya mawe tangu akiwa na miaka kumi na sita, akafa akikohoa. Daktari wa kampuni aliandika kwamba kilichomuua ni sigara. Lonzo hakuvuta sigara hata moja maishani mwake. Alitafuna tumbaku na kutemea kwenye kopo, kama mtu mwenye adabu. Tangu siku hiyo Arminta alikula kiapo kwamba mwenye kuandika hatamgusa tena, na kiapo chake hakikuwa na mlango wa nyuma. Mjukuu wake aliruhusiwa kwa sababu mjukuu hakuwa na haki ya kuandika chochote. Alikuwa anashika tu, kama anavyoshika mtu wa nyumbani.

Lakini mguu hauponi kwa kushikwa. Ndipo akaingia Zella.

Gilly ni mbali na kila kitu, na kwa wengi siku ya kwenda zahanati ni siku iliyopotea. Kwa hiyo tangu zamani watu walikuwa na utaratibu wao: mwenye gari na nafasi alikwenda kuugua kwa niaba ya wengine. Mtu aliingia kwa daktari na kikohozi cha mumewe, mgongo wa mama mkwe na sikio la jirani, akavieleza vyote kama vyake, akatoka na mfuko wa dawa, kisha akagawa njiani. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Walikuwa wanapunguziana safari.

Zella alikuwa mdogo wake Arminta, mwanamke mkavu, mwenye miguu ya mbuzi. Bado alipanda milima kuchimba jinsengi, mizizi ya dawa ya kuuza. Alikuwa ameujifunza ugonjwa wa dada yake kama mtu anavyojifunza wimbo wa kwaya, na kila alipofika kwenye mlango wa zahanati alianza kuburuta mguu. Retha ndiye aliyempima kabla hajaonana na daktari. Alimpandisha Zella kwenye mizani, kisha akaandika uzito wa Arminta. Aliminya kifundo kilichokauka kama ukuni, kisha akaandika kwamba kimevimba. Daktari alipouliza, yeye alitikisa kichwa kukubali. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na mkono haukuwahi kuzoea.

Kwa hiyo ukimuuliza Retha kwa nini anataka kuwa muuguzi mtabibu, jibu lilikuwa hilo. Kulitoa kulikuwa sawa na kuikabidhi leseni yake.

Na hata akinyamaza, akapata nafasi, akafaulu, bado bibi alikuwa amekwisha kumwonya.

"Mimi sikukatazi," Arminta alimwambia, akitupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Kasome. Ila ukumbuke, siku utakayoanza kuandika, mikono yako ni ya huko kwao."

"Bibi, utakufa."

"Basi insha yako itakuwa nzuri."

Jumapili ya mwisho ya Mei ni siku ya makaburi. Kila ukoo hupanda kwenye kilima chake, hufyeka majani, huweka maua mapya ya plastiki, kisha hula palepale kando ya wafu kwenye mbao ndefu zilizowekwa juu ya magogo. Akina Sizemore walimwalika Daktari Venka kila mwaka, naye kila mwaka akasema ana kazi. Mwaka huo alikuja. Pengine ni kwa sababu umri ulikuwa umeanza kumfikirisha juu ya kuondoka. Alikuja na bakuli la wali wa ndimu, ambao watu waliuonja kwa adabu, halafu wakarudi na sahani.

Retha hakupata muda wa kumtazama. Alikuwa amekaa nyuma ya pikapu yake, na watu walimjia na sahani mkononi kama walivyomjia kila mwaka. Huyu alifunua goti, yule alipanua mdomo, mwingine alimletea kidonge alichookota kwenye koti la marehemu baba yake akitaka kujua kama kinafaa kwa presha.

"Usikimeze, Burl."

"Nilishameza kimoja."

"Na ukajisikiaje?"

"Nililala vizuri."

"Ni cha mbwa, Burl. Nenda kwa daktari kesho."

"Daktari si yule pale anakula maharage? Niambie wewe tu, nipunguze safari."

"Mimi siruhusiwi kukuambia."

Maneno hayo aliyasema mchana kutwa, kwa mmoja baada ya mwingine. Alipoinua macho akamwona Zella akikipanda kilima. Alikuwa amebeba sufuria mbili za chuma, moja kila mkono, zimejaa kuku wa kukaanga, na alikuwa akiimba. Retha akageuza shingo haraka kutafuta kichwa cheupe cha daktari. Kilikuwa kimeelekea kulekule kwa Zella.

Pengine hata hapo pangekuwa na namna ya kujitetea. Zella angesema leo amepata nafuu. Lakini viti vya kukunja vilikuwa vichache, na daktari alikuwa ameketi kando ya mwanamke mzee aliyeletwa juu kwa gari, aliyekuwa akihema kwa mdomo, viatu vyake vimelegezwa kamba. Daktari alikuwa mtu wa adabu. Akamwuliza mama anaendeleaje.

"Sijambo," Arminta alijibu. "Ila viatu vimenikataa, na usiku nalundikiwa mito mpaka nakaa kama hakimu."

Zella alikuwa amelisema hilo la hakimu pale zahanati mara nyingi mno, na kila mara daktari alicheka. Leo hakucheka. Aliweka uma wake juu ya sahani taratibu, akamtazama Arminta miguu, kisha akamtazama Zella aliyekuwa anakata keki ya tufaha kule mbali, kisha akamtazama Retha kwenye pikapu. Halafu akauchukua uma na kuendelea kula. Uso wa Retha uliharibika kiasi kwamba mtu aliyekuwa amemwonyesha jipu aliuliza kama ni baya namna hiyo.

Jumatatu asubuhi daktari alifunga mlango wa chumba chake kabla hajavua koti.

"Jana nilimwona mgonjwa wangu mahututi akipanda mlima na sufuria mbili za chuma."

"Ndiyo, daktari."

"Na niliyekaa naye ni nani?"

"Ni bibi yangu. Yule wa kwenye insha."

"Kwa marehemu, ana maneno mengi." Daktari akakaa. "Tangu lini?"

Retha akamwambia tangu lini. Hakupunguza wala hakumsukumia Zella. Alieleza habari ya mizani, habari ya vifundo, na namna walivyofanya ugonjwa ulipozidi, kwamba ilibidi Zella afundishwe upya jikoni, ahemeshwe, akohozeshwe, mpaka aweze kuzidiwa kwa namna itakayoleta vidonge vya kukojoza vyenye nguvu zaidi. Alimweleza na kiapo cha bibi. Alipomaliza alijisikia mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

"Naweza kuandika barua moja tu, ukarudi nyumbani kumenya viazi," daktari alisema.

"Najua."

"Sasa niambie. Unataka masomo hayo ya nini?"

"Nimechoka kukudanganya," Retha alisema. "Nasikia maji kwenye kifua cha bibi, nakuja hapa nayaweka kwenye kifua cha Zella, wewe unamwandikia Zella, mimi nampelekea bibi. Nataka nikisikia kitu kwa mtu, kiandikwe kwa huyohuyo. Basi. Sina uchungu na wanyonge, daktari. Nusu yao siwapendi. Burl simpendi kabisa."

Daktari Venka alizungusha kalamu. Nje watu walikuwa wamekwisha kuanza kukohoa kwenye benchi.

"Zella ana moyo wa nyumbu," akasema hatimaye. "Nimeusikiliza mara ngapi sijui. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua kwamba mtu huyu hana maji popote. Nikajiambia labda leo masikio yangu yana kasoro, na watu wamejaa mpaka barabarani, na wewe umesimama pale unatikisa kichwa. Nikaandika. Usiubebe mzigo wote peke yako, si wote wako."

Akavuta karatasi ya chuo, akatia saini, akaupuliza wino bila sababu yoyote.

"Zella amepona kuanzia leo," akasema. "Bibi yako nitamfungulia jalada lake kwa jina lake. Hataki kuja, asije. Wewe utampima, uzito wa kweli, mapafu ya kweli, uniletee, mimi nitaandika. Na nitakwenda mwenyewe nimsalimie."

Alikwenda. Alipewa kahawa, akapewa keki, akapewa kiti kizuri kuliko vyote, ila kumgusa hakuruhusiwa. Alimtazama miguu kutoka pale alipokaa, na baadaye akamwambia Retha kwamba mtu anaweza kujifunza mengi kwenye miguu ya mwanamke wakati anakula keki yake. Arminta naye alisema si mtu mbaya, kwa mtu anayeandika.

Retha alisoma. Hakuna la kusimulia hapo zaidi ya macho mekundu na kahawa baridi. Mchana alisimama kando ya daktari akijifunza kutaja magonjwa, jioni alikaa mbele ya kompyuta jikoni kwake. Wenzake wa masomo walikuwa na sababu zao, na baada ya kuzoeana walizisema wazi. Mmoja alitaka mshahara. Mmoja mgongo wake haukuweza tena kuwainua wagonjwa vitandani. Mmoja alitaka tu kumkomoa mume aliyemwacha, na ndiye aliyeongoza darasa. Wote walikuwa wameandika habari za bibi.

Alipofaulu, Daktari Venka alikaa mwezi mmoja zaidi, kisha akafunga mizigo akaenda kuishi na binti yake Houston. Kwa mujibu wa sheria za huko Retha alihitaji daktari wa kushirikiana naye, akapatikana mmoja wa mji wa Hazard, aliyekuwa sauti ya kwenye simu tu. Kulikuwa pia na kanuni kwamba si vizuri kuwatibu ndugu zako. Retha aliisoma akaicheka. Kwa kanuni hiyo, katika bonde zima angebaki na mgonjwa mmoja, mchungaji, ambaye naye alikuwa amechumbia kwa akina Sizemore.

Siku ya sherehe ya kumpongeza Retha kwenye ukumbi wa kanisa, Bibi Arminta alikaa safu ya mbele, na zawadi yake ilikuwa blanketi la viraka alilolishona mwenyewe majira yote ya baridi. Alipiga makofi kuliko wote. Kesho yake asubuhi Retha alipokuja na kipimo cha presha kama kawaida, bibi alifunga kifungo cha juu cha gauni lake.

"Basi," akasema.

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimekulea, nitakusahau? Kunywa kahawa uende kazini."

Alimbembeleza siku ile, akambembeleza na zilizofuata. Arminta aliongea habari za mvua. Vidonge alivyoachiwa na Daktari Venka vilikuwa vinakwisha, na Retha aliviona vikipungua kwenye chupa dirishani kila alipopita. Alikuwa na kalamu, alikuwa na haki ya kuandika, na kitu pekee alichokuwa amekosa ni mtu wa kumwandikia. Kwa mara ya kwanza alijuta kusoma.

Kisha siku moja, katikati ya asubuhi, mlango wa zahanati ukafunguliwa na Zella akaingia anaburuta mguu.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akashusha pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Hakumtazama Retha usoni.

"Viatu vimenikataa," alianza.

"Bibi Zella."

"Ngoja nimalize, nitasahau. Usiku sasa silali hata kwa mito, nalala kwenye kiti. Nimepungua hamu ya kula. Kikohozi kina povu kidogo."

"Povu limeanza lini?"

"Juzi," Zella alisema, na sauti ikamponyoka ikawa yake mwenyewe. "Juzi, mwanangu. Andika tu. Andika haraka nimpelekee."

Retha aliona namna ilivyokuwa rahisi. Yeye hakuwa na mtu wa kumdanganya tena. Angeandika jina la Zella, dawa ingetoka, na kabla ya saa sita bibi angekuwa ameimeza. Hata mtu wa kutikisa kichwa hakuhitajika. Alimwekea Zella stetoskopu kifuani, bila kujua kwa nini, labda kwa kujipa muda. Moyo ulikuwa unapiga polepole, safi kabisa.

"Sitaandika," akasema.

"Retha."

"Kifua hiki hakina kitu. Mwambie sitaandika."

"Atakufa huku unajua."

"Mwambie nakuja."

Zella alisimama, akatoka akitembea vizuri, na akaupiga mlango. Waliokuwa kwenye benchi walisikia. Retha alimwambia binti wa mapokezi awarudishe watu nyumbani, mwenye haraka apelekwe Hazard, akachukua mkoba na funguo za gari. Njia nzima aliogopa. Alikuwa ameshika watu wakifa na hakuwahi kuogopa namna ile.

Bibi Arminta alikuwa barazani kwenye kiti cha kubembea, lakini hakuwa anabembea. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kila neno alilivuta peke yake.

"Umekuja kama nani?"

"Kama yule anayeandika. Zella nimemrudisha."

"Amepiga simu. Kwa hiyo unataka nife."

"Nataka nikusikilize kwanza."

Arminta alitazama barabara. Lori la mbao lilipita, likatokomea.

"Babu yako alikufa na nini?"

"Vumbi la makaa," Retha alisema. Kila mtu Gilly alijua.

"Unacho kitabu chako cha kuandikia dawa hapo?"

"Ninacho."

"Andika hivyo. Lonzo Sizemore, vumbi la makaa. Utie na sahihi yako. Halafu uniguse."

Retha alikitoa. Lilikuwa jambo la nusu dakika, kwenye kikaratasi ambacho hakuna ofisi ingekiona, na lilikuwa kweli. Alimkumbuka babu yake akikohoa nyuma ya ukuta, akakumbuka pia namna yeye alivyojifunika shuka masikioni kwa kuwa alikuwa mtoto na alitaka kulala. Alifungua kalamu. Mkono ulifika kwenye karatasi ukasimama, na hakuwa akijidai, kwa kweli uligoma. Alikuwa ametoka kumrudisha Zella kwa jambo hilohilo. Akaifunga kalamu.

"Siwezi, bibi. Najua ni vumbi. Nitasema kanisani, nitasema popote utakapotaka niseme. Lakini sikuwahi kumpima. Siwezi kumwandikia mtu ambaye sikumpima."

Alingoja kufukuzwa. Aliijua sura ya bibi yake inapokuwa ngumu, na sasa ilikuwa ngumu kuliko wakati wowote.

"Yule naye hakumpima," Arminta alisema.

Retha alidhani hakusikia vizuri.

"Alisimama mlangoni pa chumba, kofia kichwani. Lonzo alikuwa ameshavua shati. Ilikuwa Februari, anatetemeka, amekaa kitandani kifua wazi, amejitayarisha." Alipumzika, akavuta hewa. "Nikamwambia, bwana, si umsikilize kidogo. Akasema hakuna haja. Akaandika palepale aliposimama, akaenda. Lonzo akaniuliza, sasa nivae?"

Miaka yote hiyo Retha alidhani ugomvi wa bibi ulikuwa na lile neno sigara, au na malipo ya ugonjwa wa mgodini ambayo kampuni haikutoa. Machozi yalimtoka, akaacha yatoke.

Arminta alipeleka mkono kwenye kifungo cha juu cha gauni. Vidole vilikuwa vimevimba na kifungo kilimshinda mara ya kwanza. Retha akanyoosha mkono kumsaidia, akasukumwa.

"Nitafungua mwenyewe," bibi alisema. "Sogea hapa. Mimi bado nipo, nipime mimi. Na usiwe na haraka."

Retha aliipasha moto stetoskopu kiganjani, akapiga magoti kwenye mbao za baraza, akasikiliza mpaka bibi mwenyewe akamwambia inatosha.